Sadaka ya Maskini Yataka Hesabu Wazi

Somo juu ya Amri ya Saba



Katika masomo yaliyotangulia mmefundishwa kwamba Amri ya Saba ya Mungu yakataza kuiba. Kila mtu ajua ya kuwa kuchukua mbuzi wa jirani usiku ni wizi. Lakini uko wizi mwingine usiofanywa usiku wala kwa kuvunja mlango. Huo hufanywa mchana, juu ya meza, kwa kalamu na karatasi, na mara nyingi yule anayeibiwa hajui hata kidogo kwamba ameibiwa. Ni wizi wa mali iliyotolewa kwa ajili ya maskini.

Leo tutajifunza mambo matatu: mali ya sadaka ni ya nani, yule aliyeishika apaswa kufanya nini, na ninyi wenyewe mwapaswa kufanya nini kabla ya kuukaribia Ubatizo mtakatifu.

1. Mali ya sadaka ni ya nani?

Mama mmoja katika mji wa Bukavu atia franki 500 katika kikapu cha Misa. Mzee mmoja wa Ulaya akata sehemu ya malipo yake ya uzee na kuituma kwa shirika la huruma. Wote wawili wamesema moyoni: “Hii ni kwa ajili ya wenye njaa.” Tangu hapo fedha hiyo si mali yao tena. Je, imekuwa mali ya yule mwenye kufunga na kufungua sanduku? Hasha. Imekuwa mali ya mwenye njaa. Mwenye sanduku ni wakili tu, yaani mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine ili aifikishe mahali pake.

Bwana wetu Yesu Kristu alisimulia habari ya wakili mmoja aliyeshtakiwa kwamba alikuwa akitapanya mali ya bwana wake. Jambo la kwanza alilotakiwa kufanya ni kutoa hesabu ya uwakili wake. Basi tuelewe vema: kutoa hesabu si adhabu ya mtu mbaya. Ni kazi ya kila wakili, mwema na mbaya pia.

Ni nani basi wenye haki ya kuisikia hesabu hiyo? Ni watu wawili: yule aliyetoa na yule aliyekusudiwa kupokea. Mara nyingi wa kwanza hukumbukwa na wa pili husahauliwa. Mfadhili aliye mbali huletewa barua nzuri yenye picha na tarakimu, lakini mjane wa kijijini, ambaye kwa jina lake fedha iliombwa, hasikii hata tarakimu moja. Jambo hilo si haki. Hesabu inayovuka bahari na isifike kijijini ni nusu ya hesabu.

2. Mfano wa manabii na wa Mitume

Katika Agano la Kale twasoma habari za Yoasi, mfalme wa Yuda. Watu walileta fedha ili Hekalu la Bwana litengenezwe, na makuhani ndio waliozipokea. Hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mahali palipobomoka palikuwa bado hapajatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na altare. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja kuzihesabu. Baada ya hayo maseremala na waashi walilipwa, na kazi ikaendelea. Angalieni dawa yake: watu wawili wakihesabu pamoja, mahali panapojulikana.

Katika Agano Jipya twaona ya kuwa hata kati ya wale Thenashara mfuko ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja, naye Yuda Iskarioti alikuwa akiiba yaliyotiwa humo. Injili ya Yohane yatueleza kwamba alijifanya kuwahurumia maskini kwa maneno, kumbe hakuwajali. Jina la maskini lilikuwa mdomoni mwake, na mali ya maskini ilikuwa mkononi mwake.

Mtakatifu Paulo alitenda kinyume chake. Alipokusanya msaada kutoka Makanisa ya Makedonia na ya Akaya kwa ajili ya ndugu maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuuchukua peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na Makanisa yenyewe. Tena aliwaandikia Wakorinto sababu yake: alitaka pasiwe na mtu wa kuwalaumu kwa ajili ya mali ile nyingi, akajitahidi kutenda mema mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Fikirini jambo hili. Paulo alikuwa Mtume. Kristu mwenyewe alimtokea njiani. Hata hivyo hakusema: “Mungu anajua moyo wangu, na hiyo yatosha.” Alijua kwamba Mungu huona moyoni, lakini watu hawaoni ila matendo, na upendo wataka tuwaoneshe watu matendo yetu.

3. Sheria ya Kanisa

Yawezekana mmoja wenu atasema: “Hayo ni mambo ya zamani.” La, ndivyo sheria ya Kanisa iagizavyo hata leo. Kitabu cha Sheria za Kanisa kilichotangazwa mwaka 1983 chasema katika kanuni ya 1267 kwamba mali iliyotolewa na waamini kwa kusudi fulani yaweza kutumiwa kwa kusudi hilo tu. Fedha ya bati za kanisa isinunue pikipiki, hata kama pikipiki ni kitu cha kufaa. Kanuni ya 1284 yaagiza kwamba watunzaji wa mali waandike vizuri katika vitabu yaliyoingia na yaliyotoka. Kanuni ya 1287 yaongeza kwamba wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa kwa Kanisa. Nayo kanuni ya 537 yaamuru kila parokia iwe na baraza la mali, ambamo waamini humsaidia paroko.

Hatimaye, mwaka 2012, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitoa sheria juu ya mashirika ya huruma ya Kanisa, akaagiza yapeleke kila mwaka taarifa ya hesabu zao kwa wakubwa wa Kanisa. Kwa hiyo mkristu aulizaye hesabu kwa adabu haasi Kanisa. Anaomba jambo ambalo Kanisa lenyewe limeliamuru.

4. Yaliyotokea katika nchi yetu

Nchi ya Kongo ina sababu zake yenyewe za kulipenda somo hili. Mwaka 1876 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliwakusanya wataalamu na wasafiri mashuhuri mjini Bruxelles. Hapo pakaanzishwa chama cha kimataifa kwa ajili ya Afrika. Walisema kwamba kitapinga biashara ya watumwa na kuleta maendeleo. Maneno yalikuwa ya huruma, na watu wengine wakatoa fedha zao kwa moyo mwema. Lakini mwaka 1885 mfalme huyo akawa mwenye nchi nzima ya Kongo, na wazee wetu wakatiwa katika kazi ya shuruti ya mpira, wakapigwa, wakauawa. Mwaka 1908, alipolazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, aliamuru vitabu na barua nyingi za utawala wake zichomwe moto. Jina jema lilifunika tendo baya, kisha moto ukafunika hesabu.

Jambo hilo ni la kale. Lakini liko la siku zetu. Mwishoni mwa mwaka 2018, shirika la Mercy Corps, lenye makao yake Marekani, liligundua udanganyifu katika msaada wake wa haraka kwa watu waliokimbia vita huku mashariki ya Kongo. Baadhi ya wafanyakazi, wafanyabiashara na wakubwa wa vijiji walikuwa wamepatana. Waliandika jamaa ambazo hazikustahili katika orodha ya wakimbizi, kisha wakagawana fedha zilizotolewa. Hasara ilikadiriwa kupita dola 600,000. Shirika hilo lenyewe lilifanya uchunguzi, likawaarifu wafadhili. Na mwaka 2020 habari hizo zikatangazwa mbele ya watu wote. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa ajili ya mashirika mengi ya msaada katika Kongo, ulionesha ya kuwa ugonjwa haukuwa wa shirika moja tu.

Katika nchi yetu ugonjwa huo una jina lake la Kifaransa: “opération retour.” Maana yake, sehemu ya fedha yamrudia kwa siri yule aliyeruhusu itolewe. Mfanyabiashara apewa kazi ya kuleta maharagwe, naye amrudishia fungu aliyempa kazi. Ili asipate hasara, apunguza maharagwe katika gunia. Basi fungu lile halikutoka mfukoni mwa mfanyabiashara. Limetoka katika sahani ya mtoto.

Tena tuone jambo la kutuhuzunisha: udanganyifu kama huo hauwezi kufanywa na wageni peke yao. Wahitaji mwenyeji wa kuandika majina, na mwenyeji wa kukubali kuitwa kwa jina lisilo lake.

5. Hesabu humlinda mtu mwaminifu

Wako wanaofikiri kwamba hesabu wazi huwaumiza wenye kazi ya huruma. Kinyume chake, huwalinda. Tazameni nchi yetu ya Shabunda. Ni eneo kubwa kuliko maeneo mengine yote ya Kivu ya Kusini. Ni nchi ya misitu na mito, na njia ya kutoka Bukavu ni mbaya sana. Kwa sababu hiyo vitu vingi huletwa kwa ndege ndogo, na kila kilo hulipiwa. Chumvi, sabuni na dawa zifikapo hapa, bei yake si ile ya soko la Kadutu mjini Bukavu.

Sasa tuseme shirika limepewa dola 100, likanunua dawa za dola 60, na dola 40 zikalipa ndege. Lisipowaeleza watu, watasema: “Tumesikia dola 100 zilitolewa, nasi twaona dawa za dola 60. Wamekula 40.” Maneno hayo yatapita mtoni na sokoni, na mtu asiye na kosa ataitwa mwizi. Lakini kama barua ya ndege imebandikwa mlangoni pa zahanati, kila ajuaye kusoma ataisoma, naye asiyejua atasomewa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza: na heshima ya mwenye kuitunza hupotea pamoja nayo.

6. Mfano wa daftari

Hesabu wazi si kazi ya wasomi peke yao. Daftari moja na kalamu vyatosha. Tuseme wakristu wa kijiji fulani wataka kuezeka kanisa lao dogo. Wataandika hivi:

Yaliyoingia: sadaka za kijiji, franki 180,000, msaada wa parokia, franki 120,000. Jumla, franki 300,000.

Yaliyotoka: bati 8 kwa franki 30,000 kila moja, franki 240,000, misumari, franki 20,000, malipo ya pikipiki, franki 25,000. Jumla, franki 285,000.

Yaliyobaki: franki 15,000, katika sanduku.

Kisha wafuate kanuni hizi nne. Kwanza, wanaohesabu wawe wawili au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Pili, ufunguo wa sanduku na daftari visikae kwa mtu mmoja. Tatu, kila kilichonunuliwa kiwe na karatasi ya dukani. Na pasipo karatasi, wawepo mashahidi wawili. Nne, hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, wanaume na wanawake, siku ya Dominika baada ya sala, na kila mtu aruhusiwe kuuliza.

Msaada wa watu wengi utakapokuja kutoka mbali, ulizeni mambo hayo hayo: Kimepokelewa nini, na kwa kusudi gani? Ni nani walioandikwa? Kimenunuliwa nini, na kwa bei gani? Safari imegharimu nini? Kimebaki nini?

7. Majibu kwa wenye kupinga

Mmoja asema: “Bwana Yesu alifundisha kutoa sadaka kwa siri, hata mkono mmoja usijue ufanyalo wenzake. Mbona mwataka itangazwe?” Jibu: Siri ile ni ya mtoaji, ili asitafute sifa. Siyo siri ya mtunzaji, ili afiche alilofanya. Jina la aliyetoa laweza kufichwa, lakini kiasi kilichotolewa kiandikwe. Hali kadhalika tuwasitiri wanyonge. Mgonjwa mwenye aibu, au mama aliyetendewa ubaya na watu wa vita, asitangazwe mbele ya umati kwa sababu ya msaada aliopewa. Yatosha watu wachache wenye kuaminika wahakikishe kwamba ameupokea. Tarakimu ziwe wazi. Majeraha ya watu yafunikwe.

Mwingine asema: “Kumwuliza padri, katekista au mkubwa wa shirika ni kumvunjia heshima.” Jibu: Yategemea namna ya kuuliza. Kunong’ona kisimani kwamba fulani amekula fedha, bila ushahidi, ni kosa juu ya Amri ya Nane. Kusimama katika mkutano, kumwita kwa cheo chake na kusema, “Baba, twaomba tusikie hesabu,” ni heshima. Paulo Mtume hakungoja kuulizwa. Kiongozi afuataye mfano wake atafurahi.

8. Kwa ajili yenu mnaojiandaa kubatizwa

Sasa tufike mioyoni mwetu. Huenda kati yenu yuko aliyeandikisha jina la mtoto asiyekuwapo ili apate kadi ya pili. Huenda yuko aliyejiita mkimbizi naye hajakimbia. Huenda yuko aliyeshika kalamu ya orodha, akawadai wajane fungu kabla ya kuandika majina yao. Afanye nini?

Kwanza aache. Pili atubu kwa moyo. Tatu arudishe. Ni kweli kabisa kwamba Ubatizo waondoa dhambi zote. Lakini hauigeuzi mali ya mwingine iwe yako. Ukiingia majini na mbuzi wa jirani zizini mwako, utatoka majini msafi, na mbuzi atakuwa bado ni wa jirani. Zakayo, mtoza ushuru, Bwana alipoingia nyumbani mwake, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakungoja kuamriwa.

“Nami nimekwisha kula, sina kitu.” Rudisha kidogo kidogo, kadiri uwezavyo: kwa muhogo, kwa mawese, kwa siku za kazi katika shamba la mjane. Usipowajua uliowadhulumu, wape maskini wengine. Mwendee padri au katekista wako, ukaombe shauri. Mungu hadai usichoweza, ila asikuone ukiketi juu ya unachoweza.

Bali wewe mama uliyelazimishwa kutoa fungu ili watoto wako wasilale na njaa, usifadhaike. Wewe hukuiba, umeibiwa. Kosa ni la aliyekulazimisha. Upatapo nafasi salama ya kusema ukweli, useme, ili mwenzako asitendewe vivyo hivyo.

Mkumbukeni Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma, aliyeuawa mwaka 258, ambaye sikukuu yake ni tarehe 10 Agosti. Yeye alikuwa mtunzaji wa mali ya Kanisa. Mapokeo yatuambia kwamba mkubwa wa mji alipomdai hazina yote, Laurenti aliwakusanya maskini, vipofu na vilema, akamwonesha: hao ndio hazina. Aliweza kutoa jibu hilo kwa sababu mali ilikuwa imefika kweli mikononi mwao. Kila mtunzaji wa sadaka na ajiulize: nikidaiwa leo, nitawaonesha nani?

Maulizo ya kujifunza

Swali: Mali iliyotolewa kwa ajili ya maskini ni ya nani?
Jibu: Ni ya maskini. Anayeitunza ni wakili tu.

Swali: Hesabu yake ipelekwe kwa nani?
Jibu: Kwa aliyetoa, na kwa aliyekusudiwa kupokea.

Swali: Kwa nini Mtakatifu Paulo hakuchukua msaada wa Yerusalemu peke yake?
Jibu: Ili asilaumiwe, na atende mema mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Swali: Je, kuandikisha jina la uongo ili kupata msaada ni dhambi?
Jibu: Ndiyo. Ni uongo, tena ni wizi wa chakula cha mwenye shida kweli.

Swali: Aliyeiba mali ya maskini atimize nini?
Jibu: Aache, atubu, arudishe kadiri awezavyo.

Azimio la juma hili: Katika kijiji chetu tutafute daftari, tuchague watu wawili wa kuhesabu, na Dominika ijayo tusome hesabu ya sadaka kwa sauti, hata ikiwa ni franki chache. Atakayezoea kuwa mwaminifu katika franki 1,000 za kijiji ndiye atakayefaa kukabidhiwa msaada wa watu elfu.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekuwa maskini kwa ajili yetu, utupe mikono safi na ulimi wa kweli. Uwalinde wote wanaotunza mali ya wenye shida, wasishindwe na tamaa. Nasi, siku utakapotuita kutoa hesabu, tuonekane mawakili waaminifu. Amina.